Saratani ya ovari: nani wa kupimwa, kwa kipimo gani, na majibu yasomwe vipi

Kwa mwanamke asiye na dalili wala saratani katika ukoo, hakuna kipimo cha saratani ya ovari kilichothibitika kuokoa maisha. Si CA-125 (kipimo cha damu), si altrasaundi, wala vyote viwili kwa pamoja. Wauza paketi za "uchunguzi kamili wa mwili" hawalisemi hili, kwa hiyo tulitangulize. Mwongozo huu umeandikwa kwa matabibu, wauguzi na madaktari wa vituo vya afya na hospitali za wilaya, na mwanamke anayetaka kujua aulize nini akifika huko ataufuata bila shida. Unahusu makundi mawili yanayofaidika na kupimwa: wenye dalili, na wenye saratani katika ukoo.

Kwa nini tusipime kila mtu

Uingereza waliandikisha wanawake 202,638 wa miaka 50 hadi 74 kati ya 2001 na 2005. Kundi la kwanza lilipimwa CA-125 kila mwaka, kisha altrasaundi pale damu ilipotia shaka. La pili lilifanyiwa altrasaundi kila mwaka, na la tatu liliachwa bila kupimwa. Majibu ya mwisho yalitoka 2021. Kundi la CA-125 lilionekana kuwa na saratani nyingi zaidi za hatua ya kwanza, lakini vifo havikupungua. Marekani walifuatilia wanawake 78,216, na ripoti ya 2011 ikaonyesha vifo 118 kwa waliopimwa na 100 kwa wasiopimwa. Katika waliopimwa, 3,285 waliambiwa wana shaka ya saratani kumbe hawana. Kati yao 1,080 walipasuliwa, na 163 wakapata madhara makubwa ya upasuaji kwa ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Hesabu yenyewe inaeleza. Chukua wanawake 2,500 waliokoma hedhi. Kwa wakati mmoja, mwenye saratani hii ni kama mmoja tu. Kipimo kinachokosea kwa wazima 2 katika kila 100, ambacho ni kipimo kizuri sana, kitawaita wazima 50 ili kumpata huyo mmoja. Tena huenda kisimpate mapema, kwa sababu aina inayoua zaidi mara nyingi huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, si ndani ya ovari. Chembe zake humwagika tumboni wakati ovari kwenye altrasaundi bado inaonekana ya kawaida.

Jambo jingine la kumweleza mama bila kuzunguka: kipimo cha siki, Pap smear na kipimo cha HPV ni vya mlango wa kizazi. Vinaokoa maisha na avifanye, ila havioni ovari. Wengi hurudi nyumbani wakiamini "kizazi chote kimepimwa", na miezi michache baadaye tumbo likijaa hawastuki.

Dalili: hesabu siku

Dalili za saratani ya ovari zinafanana na za gesi, vidonda vya tumbo na UTI. Mama hupewa dawa za vidonda, kisha metronidazole, kisha antibayotiki za mkojo, na kila duka la dawa linaanza upya bila kujua la jana. Jina la dalili halitakusaidia kuzitenganisha. Kinachosaidia ni mwendo wake: ni mpya, na inarudi siku nyingi za mwezi. Uliza hivi, na uandike namba:

1. "Mama, katika siku 30 zilizopita, tumbo limejaa au kuvimba siku ngapi?"
2. "Ukila, unashiba upesi kuliko zamani? Siku ngapi?"
3. "Kuna maumivu ya tumbo au chini ya kitovu? Siku ngapi?"
4. "Unakwenda haja ndogo mara kwa mara, au unabanwa ghafla? Siku ngapi?"
5. "Yote haya yameanza lini?"

Jibu lolote linalozidi siku 12 kwa mwezi, kwa tatizo lililoanza ndani ya mwaka mmoja uliopita, linatosha kuagiza CA-125. Uzito wa jibu hilo unaongezeka mama akiwa na miaka 50 au zaidi. Usiulize tu "unaumwa tumbo?", utajibiwa "kidogo" na maongezi yataishia hapo. Swali linalofungua mambo ni la nguo: gauni au sketi aliyokuwa akiivaa mwaka jana bado inafunga? Mama ambaye kiuno kimeongezeka huku mashavu na mikono vikipungua hajanenepa.

Makosa mawili ya kuepuka hapa. La kwanza ni kumpa dawa ya UTI mwenye kipimo cha mkojo kilicho safi. La pili ni kumwambia mwanamke wa miaka 55 kwamba ana "utumbo wenye hasira", na maisha yake yote hakuwahi kuwa nao. Ugonjwa huo huanza ujanani. Ukijitokeza mara ya kwanza baada ya miaka 50, fikiria ovari kwanza.

Mkono kabla ya mashine

Mama akojoe kwanza. Kibofu kilichojaa hushikika kama uvimbe kabisa, na rufaa nyingi za bure zimeanzia hapo. Alale chali, magoti yakunjwe kidogo. Anza kushika juu ya kitovu ukishuka, kwa sababu saratani iliyosambaa huweza kuweka tabaka gumu sehemu ya juu ya tumbo ambalo anayeanzia nyonga halifikii. Gonga kwa vidole akiwa chali, kisha mgeuze ubavu, usubiri nusu dakika na kugonga tena: mlio mzito ukihama, kuna maji. Kagua kitovu kama kina kinundu kigumu. Pima tezi za kinena na za juu ya mtulinga wa kushoto. Sikiliza chini ya mapafu, na linganisha miguu, maana mguu mmoja kuvimba huenda ni damu iliyoganda kwa sababu ya saratani. Malizia na uchunguzi wa ukeni kwa mikono miwili, kwa ridhaa yake na akiwepo mwenzako chumbani.

Ukikuta maji tumboni, au uvimbe ambao kwa hakika si fibroidi, andika rufaa siku hiyohiyo. Majibu ya CA-125 yatamfuata huko.

CA-125

Inatosha damu mililita 3 hadi 5 kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Hakuna haja ya kufunga kula. Kama bado anapata siku zake, asipimwe akiwa hedhini, na tarehe ya hedhi ya mwisho iandikwe kwenye fomu. Kikomo kinachotumika ni 35 U/ml. Akirudia, arudie maabara ileile, kwa kuwa mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa damu moja na unaweza kudhani ugonjwa umepanda kumbe ni mashine.

Namba ikiwa juu ya 35, usitamke neno saratani bado. Hupandishwa na hedhi, ujauzito, endometriosisi, fibroidi, maambukizi ya nyonga, ini lililosinyaa, moyo kushindwa kazi, upasuaji wa tumbo wa karibuni, na kifua kikuu cha tumbo. Kwa mwanamke wa miaka 28 mwenye hedhi yenye maumivu makali, CA-125 ya 80 ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa endometriosisi. Kwa mwanamke wa miaka 62, namba hiyohiyo ni jambo jingine.

Namba ikiwa chini ya 35, usimwambie "huna saratani". Takriban nusu ya saratani za hatua ya kwanza hazipandishi CA-125. Tafuta sababu nyingine ya dalili, mpe tarehe ya kurudi ndani ya mwezi mmoja, na kama tatizo lipo palepale mpeleke altrasaundi hata hivyo. Penye shaka ya wazi na altrasaundi ikiwa chumba cha pili, fanya vyote siku moja. Nauli ya kumrudisha mara tatu ndiyo inayompoteza mgonjwa.

Altrasaundi: omba unachokitaka

Fomu iliyoandikwa "maumivu ya tumbo, naomba altrasaundi" itakurudishia "uvimbe kwenye ovari ya kulia" na basi. Andika umri, kama amekoma hedhi, tarehe ya hedhi ya mwisho, na CA-125 kama ipo. Kisha omba majibu ya haya: ukubwa wa uvimbe kwa vipimo vitatu, vyumba vingapi ndani yake, kuna sehemu ngumu au vinyama vinavyochomoza ukutani, upande mmoja au zote mbili, kuna maji tumboni, mtiririko wa damu ukoje.

Kwa mwenye hedhi, wakati mzuri ni siku ya 5 hadi ya 10 tangu hedhi ianze. Baada ya hapo yai linalokomaa na mfuko unaobaki likishatoka huonekana kama uvimbe maji na kuzua hofu bure. Kipimo cha kupitia ukeni hufanywa kibofu kikiwa tupu na kinaona ovari vizuri zaidi. Cha juu ya tumbo kinahitaji kibofu kilichojaa, na hakiachwi kama uvimbe ni mkubwa, kwa sababu kichwa cha mashine kilicho ukeni hakifiki juu.

Wataalamu wengi husoma picha kwa kanuni nyepesi za IOTA, kundi la kimataifa la watafiti wa uvimbe wa ovari. Zinazoashiria uvimbe wa kawaida ni: chumba kimoja, sehemu ngumu ndogo kuliko milimita 7, kivuli nyuma ya uvimbe, vyumba vingi vyenye kuta laini na ukubwa chini ya milimita 100, kutokuwa na mtiririko wa damu. Zinazoashiria ubaya ni: uvimbe mgumu wenye umbo lisilo sawa, maji tumboni, vinyama vinne au zaidi vinavyochomoza ndani, uvimbe wa vyumba vingi usio sawa, wenye sehemu ngumu, wa milimita 100 au zaidi, damu inayotiririka kwa wingi sana. Zikiwepo za upande mmoja tu, jibu limepatikana. Zikichanganyika au zisipokuwepo kabisa, picha isomwe na aliyebobea.

Uvimbe maji wa kawaida wa chini ya sentimita 5 kwa mwenye hedhi kwa kawaida hauhitaji chochote, na mwingi hupotea wenyewe ndani ya mizunguko 2 au 3. Wa sentimita 5 hadi 7 uangaliwe tena kila mwaka. Kwa aliyekoma hedhi, uvimbe wa chumba kimoja, upande mmoja, chini ya sentimita 5, pamoja na CA-125 ya kawaida, hurudiwa baada ya miezi 4 hadi 6 bila kupasua.

Kuunganisha namba: alama ya RMI

RMI ni namba inayokadiria uwezekano wa uvimbe kuwa saratani, na haihitaji mashine yoyote ya ziada. Zidisha U × M × CA-125.

U inatokana na altrasaundi. Hesabu moja kwa kila kimojawapo: vyumba vingi, sehemu ngumu, ovari zote mbili, maji tumboni, dalili za kusambaa. Hakuna hata kimoja, U ni 0. Kimoja, U ni 1. Viwili au zaidi, U ni 3. M ni 1 kwa anayepata hedhi, na 3 kwa aliyekoma, yaani mwaka mzima bila hedhi, au aliyetolewa kizazi na ana zaidi ya miaka 50.

Mama wa miaka 58, CA-125 ni 60, uvimbe una vyumba vingi na sehemu ngumu: 3 × 3 × 60 = 540. Dada wa miaka 30, CA-125 ni 90, kuna vyumba vingi tu: 1 × 1 × 90 = 90. Wa pili ndiye mwenye damu "mbaya" zaidi, lakini anayehitaji bingwa wa saratani za wanawake ni wa kwanza. Kikomo kinachotumika sana ni 200. Kumbuka kasoro yake: U ikiwa 0, jumla ni 0 hata CA-125 ikiwa 2,000, kwa hiyo hesabu hii isitumike kumruhusu mtu mwenye maji tumboni au aliyefanyiwa altrasaundi hafifu.

Kwa chini ya miaka 40 mwenye uvimbe wenye sehemu ngumu, ongeza vipimo vya damu vya AFP, hCG na LDH. Saratani za mabinti mara nyingi hutokana na chembe za mayai na hazifuati CA-125. Nyingi hutibika, tena kwa kubakiza ovari ya pili na kizazi, kwa hiyo haraka ya kupasua kwa mkono usiozoea inaweza kumnyima binti uzazi bila sababu.

Maji tumboni: kifua kikuu au saratani?

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapotofautiana na vitabu vilivyoandikwa Ulaya. Mwanamke anakuja amekonda, ana homa za jioni, tumbo lina maji, CA-125 ni 600, na altrasaundi inaonyesha vinundu kwenye utando wa tumbo. Picha hiyo ni ya saratani iliyosambaa, na ni ya kifua kikuu cha tumbo vilevile. CA-125 haitenganishi, katika kifua kikuu inaweza kupanda hadi mamia na kuendelea.

Chota maji, angalau mililita 50 kwenye chombo safi, yafike maabara siku hiyohiyo. Omba chembe za saratani, protini, hesabu ya seli nyeupe, ADA (kimeng'enya kinachopanda katika kifua kikuu) kama ipo, na GeneXpert, kipimo cha vimelea vya kifua kikuu. GeneXpert hasi kwenye maji ya tumbo haiondoi kifua kikuu, kwa kuwa vimelea humo ni haba. Chembe za saratani kutoonekana hakuondoi saratani pia. Piga picha ya kifua, pima VVU, na pima CEA, kipimo cha damu kinachopanda zaidi katika saratani za njia ya chakula: namba ya CA-125 ikigawanywa kwa ya CEA ikawa chini ya 25, fikiria saratani ya tumbo la chakula au utumbo iliyoshukia kwenye ovari, na kamera ya tumbo ije kabla ya kisu.

Jibu la uhakika ni kipande cha nyama kutoka kwenye vinundu, kwa sindano inayoongozwa na altrasaundi au kwa kamera ndogo kupitia tumboni. Kumwanzishia dawa za TB "tuone kama atapata nafuu" na kumwambia arudi baada ya miezi 2 ni kuipa saratani miezi 2. Kumtoa ovari binti wa miaka 24 ambaye angepona kwa vidonge vya miezi 6 ni kosa lenye uzito uleule.

Kuchota maji ya tumboni ni sawa. Kuchoma sindano uvimbe wenyewe ili "kuunyonya" si sawa: saratani iliyofungiwa ndani ya ovari itamwagika, na hatua itapanda kwa mkono wako.

Wenye saratani katika ukoo

Chora ukoo wa vizazi vitatu, pande zote mbili. Kasoro za jeni za BRCA1 na BRCA2, zinazopandisha hatari ya saratani ya ovari na ya titi, hurithiwa kwa baba kama kwa mama, kwa hiyo shangazi na bibi mzaa baba waulizwe. Ukisikia "mama mkubwa" au "mama mdogo", hakikisha ni ndugu wa damu wa mama, si mke mwenza wala rafiki wa familia. Ukisikia "alikufa na uvimbe tumboni", uliza kama tumbo lilijaa maji, na kama alipasuliwa, ni wapi.

Wanaohitaji ushauri wa jeni ni: mwenye mama, dada au binti aliyeugua saratani ya ovari, ukoo wenye saratani ya matiti kabla ya miaka 50, au ya matiti yote mawili, au ya titi kwa mwanaume, ukoo wenye saratani za utumbo mpana na za mfuko wa uzazi katika umri mdogo. Kila mgonjwa wa saratani ya ovari ya aina kali ya serasi (high-grade serous) naye astahili kipimo hicho, kwa ajili ya matibabu yake na kwa ajili ya dada zake.

Anza kumpima aliyeugua, akiwa hai. Ukianza na mzima na jibu likawa hasi bila kujua familia ina mabadiliko gani, hujajibu lolote. Mwenye kasoro ya BRCA1 ana uwezekano wa takriban 44 kwa 100 wa kupata saratani ya ovari hadi miaka 80. Wa BRCA2 takriban 17 kwa 100. Wengine ni 1 hadi 2 kwa 100. Kinacholinda kwa uhakika ni kutoa ovari na mirija baada ya kumaliza kuzaa: miaka 35 hadi 40 kwa BRCA1, 40 hadi 45 kwa BRCA2. Mwambie wazi kwamba hedhi itakoma siku hiyo, na kama hajaugua saratani ya titi, homoni za kufidia hadi karibu miaka 50 zijadiliwe. Mirija yote iende maabara ya patholojia kwenye formalini ya kutosha, mara 10 ya ukubwa wa nyama, na fomu iseme ni mwenye BRCA ili ncha zikatwe vipande vyembamba. Zikitupwa kwenye ndoo ya chumba cha upasuaji, saratani ndogo iliyokwisha anza haitajulikana.

Asiyekuwa tayari kwa upasuaji hupewa na baadhi ya kliniki za Uingereza CA-125 kila miezi 4. Inasogeza muda, haichukui nafasi ya upasuaji. Vidonge vya majira hupunguza hatari kwa takriban moja ya tano kwa kila miaka 5 ya kuvitumia, lakini mwenye BRCA ayapime pamoja na hatari yake ya titi. Na mwanamke yeyote anayekwenda kufunga uzazi au kutolewa kizazi kwa sababu nyingine anaweza kuomba mirija itolewe nzima badala ya kufungwa, ovari zikibaki.

Rufaa

Tanzania, wagonjwa hawa huishia Taasisi ya Saratani Ocean Road na Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC Moshi au Bugando Mwanza; Kenya ni Kenyatta Nairobi na hospitali ya rufaa ya Moi Eldoret. Barua iwe na umri, hali ya hedhi, dalili na tarehe zilipoanza, CA-125 na jina la maabara, vipimo vya altrasaundi, RMI, na magonjwa katika ukoo. Weka picha zenyewe, si karatasi ya majibu peke yake. Usifungue tumbo wilayani "kuangalia" uvimbe wenye RMI kubwa: upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi ya kuondoa saratani yote na kujua hatua yake, na anayefungua kwa mkato mdogo wa chini, akachukua kipande na kufunga, anamrudisha mama mezani mara ya pili akiwa dhaifu zaidi.

Kama mguu umevimba, damu iliyoganda itibiwe kabla ya safari ndefu ya basi. Maji yakimbana pumzi, mpunguzie kwanza. Chukua namba mbili za simu, ya mama na ya anayemlipia nauli, kisha piga baada ya siku 7 kuuliza kama ameonwa.